Jani la Vichuguuni

Panya hana unafiki. Mweke juu ya msalaba wa mbao uliosimamishwa kwa miguu mirefu, wenye njia nne, mbili zimezungushiwa kuta na mbili ziko wazi kabisa, naye atakuonyesha yaliyo moyoni mwake ndani ya dakika tano. Mwenye hofu atakimbilia penye kuta na kujibana humo. Aliyetulia atatoka, atanusa huku na huku, atafika mpaka ukingoni na kuchungulia chini. Hakuna panya anayejifanya jasiri kwa sababu wageni wanamtazama, na hapo ndipo anapotuzidi sisi binadamu.

Agnella alikuwa akiwatazama panya kwenye msalaba huo tangu Januari. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika kituo kidogo cha utafiti wa mitishamba pale Ifakara, nyumba ya vyumba vinne yenye watu wawili tu wa kazi: yeye na bosi wake, Dk. Makoye. Wa tatu alikwenda likizo ya uzazi mwezi Desemba na nafasi yake haikujazwa. Kwa hiyo Agnella ndiye aliyechemsha majani, akachuja, akajaza chupa, akawanywesha panya na kufagia vizimba vyao. Dk. Makoye alikaa chumba cha pili akitazama picha za kamera na kuhesabu sekunde ambazo kila panya alikaa nje ya kuta, bila kujua huyu alinyweshwa nini na yule alinyweshwa nini. Hiyo ilikuwa sheria, na Dk. Makoye, Msukuma aliyekulia katika nyumba ya mwalimu mkuu, alizipenda sheria.

Jani lenyewe lilitoka Michenga, kijiji cha kando ya mto, kwa Mama Febronia. Ni kichaka kifupi kinachoota juu ya vichuguu, pale ambapo maji ya mafuriko hayafiki, na ni kichungu kiasi kwamba ukitafuna jani moja asubuhi, chai ya mchana bado utaisikia chungu. Mama Febronia aliwapa watu wenye ugonjwa wa hofu: wanaoshtuka usingizini bila kuitwa, wanaokwenda hospitali moyo ukienda mbio na kurudi na karatasi inayosema moyo hauna shida. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu mama yake Agnella, na ndiye aliyewalea yeye na kaka yake Amedeus. Agnella alimwita Mama, bila nyongeza, na jani hilo alilijua kabla hajajua kusoma.

Wala Mama Febronia hakuwa mtu wa tunguri na vitisho. Alikuwa mwanakwaya wa parokia, mwenye sauti ya pili nzito na ubishi mzito zaidi. Lakini alikuwa na utaratibu wake, na hakuuvunja kwa ajili ya mtu yeyote. Dawa ya hofu haitumwi, ndivyo alivyosema. Haifungwi ukapelekewa nyumbani, wala huachiwi kikombe ukanywe peke yako. Mama Febronia anakaa mbele yako kwenye kigoda, anasugua viganja vyake mpaka vipate joto, anaifunika mikono yako miwili pamoja na kikombe ulichoshika, anataja jina lako lote, la ubatizo na la ukoo, kisha ananyamaza. Ananyamaza mpaka uvute pumzi ndefu mwenyewe, bila kuambiwa. Hapo ndipo unakunywa.

Mgonjwa wake mkubwa alikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Aprili, kiboko alipindua mtumbwi wa Amedeus katikati ya mto. Amedeus alitoka. Rafiki yake Telesphory, ambaye walikuwa wakivua pamoja tangu wakiwa vijana, hakutoka, na mwili wake ulipatikana siku ya tatu kwenye matete. Tangu siku hiyo Amedeus, baba wa watoto wawili, mvuvi ambaye watu walikuwa wakimtania kwamba amezaliwa na mapezi, hakutia hata kidole mtoni. Alilima mpunga kwenye shamba la mbali na mto. Mvua ikipiga kwa nguvu kwenye bati, alitoka jasho na kushika ukuta. Mama Febronia alimpa jani kila jioni, naye akalinywa kama anavyokula mtu asiye na njaa, ili mama asikasirike.

Mwezi Machi matokeo yakatoka. Panya walionyweshwa maji matupu walijibana kwenye kuta. Walionyweshwa dawa ya hospitali walitoka kidogo. Walionyweshwa jani walitembea njia za wazi kama wenye nyumba. Walikaa nje mara mbili ya wale wa maji, wakaishinda hata dawa ya hospitali. Dk. Makoye, ambaye furaha yake ilionekana kwa kufuta miwani, siku hiyo aliifuta mara tatu.

"Ninyi Wandamba mlikuwa mnatuficha kitu kama hiki?" alisema.

"Ninyi Wasukuma mngekuja na ng'ombe wachache, Daktari, tungewaambia mapema," Agnella akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Kisha akamwonya: matokeo hayatoki nje ya nyumba hii mpaka yahakikiwe. Agnella akaitikia ndiyo. Pasaka ikafika, akaenda Michenga na kilo mbili za sukari, na kabla pilau haijapakuliwa alikuwa ameshasema yote. Tusimlaumu sana. Alikuwa binti wa kijijini aliyesoma, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiulizwa kama kazi yake ni kufuga panya, na leo alikuwa na neno la kusema mbele ya mama yake na kaka yake.

Mama Febronia alisikiliza na kusema kwamba yeye hakuhitaji panya kumwambia. Lakini aliimba alipokuwa akiosha vyombo. Amedeus ndiye aliyemshangaza. Aliweka sahani chini.

"Wametoka nje? Kabisa?"

"Wametoka, kaka. Wamefika mpaka ukingoni."

"Na hao hawakuambiwa kwamba ni dawa."

"Panya anaambiwaje?"

Amedeus alicheka, na Agnella hakukumbuka mara ya mwisho kusikia kicheko hicho. Kumbe kilichokuwa kikimzuia kaka yake ni hicho: alidhani jani ni maneno ya mama, faraja tu. Panya hafarijiwi kwa maneno. Kama jani limemtoa panya kwenye kuta, basi ni dawa kweli, na kama ni dawa kweli, hata yeye itamtoa hofu. Tangu jioni ile alikunywa jani kwa nia, na baada ya wiki moja akaanza kuziba nyufa za mtumbwi.

Jumatatu moja ya mwezi Mei Amedeus alimpigia dada yake simu. "Jumamosi asubuhi naingia mtoni."

"Nenda, kaka," Agnella alisema.

"Peke yangu. Safari hii sitaki mtu mwingine anifie mkononi."

"Nenda. Dawa unayo."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema. Alikuja kuyakumbuka vizuri sana.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo Dk. Makoye, aliyekuwa amealikwa kwenda kuonyesha matokeo kwenye mkutano Morogoro, alimwomba amkatie kipande kifupi cha picha: panya mmoja wa maji, panya mmoja wa jani. Agnella akaketi mbele ya kompyuta. Kamera ile ilikuwa ikiwashwa asubuhi na kuachwa hadi jioni, ikiona msalaba na pia meza ya kunyweshea. Dk. Makoye alikuwa akitazama zile dakika tano za msalabani peke yake. Sehemu ya kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuitazama, maana nani atatazama mtu akinywesha panya?

Akajiona. Aliona mkono wake ukimtoa panya wa maji kwa kumshika mkia, sindano butu mdomoni, sukuma, rudisha kizimbani. Sekunde kumi na tano. Akafungua picha ya panya wa jani. Akaona mikono yake miwili ikisuguana. Akaona panya akifunikwa kati ya viganja, kichwa tu nje, na midomo yake mwenyewe ikisogea. Alikuwa akimtaja namba. Kisha alitulia, akisubiri, mpaka mbavu za panya zilipoacha kwenda mbio. Sekunde arobaini. Ndipo akamnywesha.

Akatazama mwingine, na mwingine. Alitazama panya wote thelathini na sita. Wale kumi na wawili wa jani walipewa mikono, kila mmoja, kila siku. Wale wengine, hata mmoja hakupewa.

Hakuwa amekusudia, na Mungu ni shahidi. Jani lile halikuwahi kupita mikononi mwake bila mikono kufanya vile. Ndivyo alivyofundishwa, kama wengine wanavyofundishwa kunawa kabla ya kula. Na maji? Alipokuwa na miaka saba alicheza uganga uani, akamfunika mikono mwanasesere wake wa gunzi juu ya kikombe cha maji ya mtungi. Mama Febronia alimzaba kofi ambalo hajalisahau. Maji matupu hayaitiwi jina la mtu, alisema, huko ni kumdhihaki mgonjwa. Mikono yake ilikua ikijua hivyo. Na dawa ya hospitali aliitoa kama inavyotolewa hospitali: haraka, na anayefuata.

Basi miezi mitano walikuwa wamepima nini? Hata hakufikiria kazi yake kwanza, wala Morogoro. Alimfikiria Amedeus katikati ya mto uliojaa, peke yake, akitegemea kikombe cha jani.

Akampigia. Amedeus alipokea akiwa anaimba. Alikuwa amenunua kafi jipya. Watoto walikuwa wamekaa ndani ya mtumbwi nchi kavu wakivua samaki wa kujifanya. Agnella alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Nitakuja Jumamosi. Usiingie kabla sijafika."

"Uje mapema basi," kaka yake alisema. "Mimi nikiamka, nimeamka."

Agnella alimwambia Dk. Makoye palepale, amesimama mlangoni, kwa sababu alijua akiketi hatasema. Dk. Makoye hakufoka. Afadhali angefoka. Alitazama picha mbili, ya maji na ya jani, akazitazama tena.

"Chupa zilitakiwa ziandikwe na mtu mwingine, usijue iliyo na jani," alisema mwishowe. "Nilijua hilo. Nikasema, ah, Agnella ni mwaminifu. Uaminifu hauhusiki hapa. Kosa hili tunagawana."

Walikuwa na panya kumi na sita ambao hawajaguswa. Dk. Makoye akasema kesho yeye ndiye atakayejaza chupa, kuyatia maji rangi yasitofautike, na kuziandika herufi. Yeye peke yake atajua. Agnella angewashika panya wote kwa namna moja.

"Namna gani, Daktari?"

"Hiyo ya kwenu. Wote."

"Hata wa maji?"

"Hata wa maji."

Usiku huo Agnella alilala akiomba. Aliomba jani lishinde. Kama jani litashinda, basi aliyoyasema Pasaka yatakuwa kweli, na hatakuwa na la kumwambia mtu. Ni ombi baya kwa mtafiti, na alilijua, lakini aliliomba mara tatu.

Ijumaa aliwashika panya kumi na sita mmoja baada ya mwingine. Alisugua viganja, akawafunika, akawataja namba zao, akanyamaza mpaka wakatulia. Hakujua nani anakunywa nini. Mara nyingine mikono ilitaka kukataa, akailazimisha. Halafu akawaweka msalabani, akatoka nje, akaketi kwenye ngazi.

Saa kumi jioni Dk. Makoye alimwita. Karatasi ilikuwa mezani. Panya walitoka. Karibu wote walitoka, wakatembea njia za wazi, wakachungulia chini. Wa jani walitoka. Wa maji walitoka vilevile. Tofauti ilikuwa ya sekunde tatu, na hizo tatu zilikuwa upande wa maji.

"Kumi na sita ni wachache," Dk. Makoye alisema. "Hatuwezi kusema jani halina nguvu. Labda linazo, labda kipimo chetu ni kidogo. Tunachoweza kusema ni kwamba hatujui."

"Na yale ya Machi?"

"Ya Machi tulipima mikono yako." Alivua miwani, lakini safari hii hakuifuta. "Morogoro nitawaandikia mwenyewe kwamba siendi. Sasa niambie. Nani mwingine anayajua matokeo ya Machi?"

Agnella akamwambia. Alimwambia habari ya Pasaka, ya kaka yake, ya kesho. Dk. Makoye alisikiliza bila kumkatiza.

"Nenda," alisema.

"Nikamwambie nini?"

"Hivyohivyo ulivyoniambia mimi."

Jioni hiyo simu ya Amedeus haikupatikana. Alfajiri ya Jumamosi Agnella alikuwa kwenye bodaboda, viatu mkononi, maana barabara ya Michenga mahali pengine ilikuwa ndani ya maji na dereva alimshusha mara mbili atembee. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Jua lilipotokeza alikuwa uani kwa Mama Febronia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umewahi. Kaka yako ametoka sasa hivi." Mama Febronia alikuwa akifagia, na uso wake ulikuwa na sherehe. "Amekunywa, nimemshika mwenyewe. Ameniambia, mama, moyo umetulia kabisa."

Agnella alimweleza. Alieleza haraka na vibaya, akirudia rudia, na alipofika kwenye panya wa maji, ufagio ulisimama.

"Yaani ulifunika mikono juu ya maji matupu?"

"Niliambiwa, Mama. Ilibidi."

"Na panya wakatoka."

"Wakatoka."

Mama Febronia aliketi kwenye kigoda. Kwa mara ya kwanza Agnella aliona kwamba mama yake amezeeka. "Kwa hiyo watu wote hawa, miaka yote hii, nimekuwa nikiwachemshia majani ya mbuzi?"

"Hatujui, Mama. Hatujasema hivyo."

"Mmelipima jani. Mimi hamkunipima." Hasira ilikuwa imerudi, na Agnella alishukuru kuiona. "Ulikuja hapa kuomba jani, nikakupa. Sikukuita. Leo unarudi unaniambia hujui. Sasa unakwenda wapi?"

"Kumwambia kaka."

"Hapana." Alimshika mkono. "Agnella, nisikilize. Miaka miwili nimemshikilia mtoto huyu. Nimemfunga kamba kwa mkono huu asizame nyumbani. Leo amesimama. Ukimwambia, ataketi tena, na safari hii hatainuka. Mwache aingie. Akirudi, mwambie hayo ya panya wako, ukitaka mwimbie."

Hilo lilikuwa neno zito. Inawezekana mama alikuwa na haki. Inawezekana imani peke yake ingetosha kumvusha mtu. Aliwaza hivyo, amesimama na tope mpaka magotini, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Na asiporudi, Mama?"

Mama Febronia alitazama upande wa mto. Vidole vyake vikalegea kimoja kimoja.

"Kimbia basi," alisema. "Mbona umesimama?"

Alikimbia. Amedeus alikuwa amekwisha kuusukuma mtumbwi nusu ndani ya maji, suruali imekunjwa, kafi jipya begani. Alipomwona dada yake akacheka kwa sauti.

"Nilikuambia uje mapema! Simama hapo, utazame."

"Kaka, ngoja." Alikuwa akihema. "Nilikudanganya. Sikujua kama nakudanganya."

Akamwambia yote. Alimweleza sekunde kumi na tano na sekunde arobaini, viganja, maji, panya kumi na sita. Amedeus alisikiliza akitazama mto, ambao ulikuwa mpana na wa rangi ya chai ya maziwa, ukibeba majani na vijiti kwa kasi isiyokuwa na kelele. Kicheko kiliondoka usoni mwake taratibu.

"Kwa hiyo nimekunywa nini asubuhi hii?"

"Sijui. Labda ni dawa. Labda ni mikono ya mama tu. Nimepima nikakosea, nikapima tena nikaona sijui."

"Lakini moyo ulitulia. Niliusikia ukitulia."

"Najua."

"Ungeniacha nivuke, Agnella!" Alimgeukia, na sauti yake ilipasuka. "Ungeniacha nivuke kwanza, ndipo uniambie!"

"Nilimwambia mama kwamba huenda usingerudi."

Amedeus aliweka kafi chini. Mikono yake ilikuwa imeushika mtumbwi kama ilivyoshika ukuta siku za bati na mvua, naye aliitazama kama mtu anayemwona mgeni aliyedhani amekwisha kuondoka. Agnella alilia. Hakujaribu kujizuia. Alikuwa ameiua Jumamosi ya kaka yake, na hakuwa na uhakika hata kidogo kama alifanya vyema.

Wavuvi wawili walipita kwa mbali, wakapunga mkono, hawakujibiwa.

"Kuogelea unajua bado?" Amedeus aliuliza.

"Kidogo. Naogopa mto, unajua hivyo. Naogopa tangu Telesphory."

"Hukuwahi kusema."

"Wewe ndiye uliyekuwa mgonjwa."

Amedeus alivuta pumzi. Akainama, akaokota kafi. "Ingia," alisema.

"Mimi?"

"Ingia mbele. Kaa chini, usishike pande zote mbili. Nikikwambia turudi, usiulize kwa nini."

Akaingia. Mtumbwi ulitikisika, naye akajibana kwenye mbao kwa miguu na mikono, macho kwenye maji yaliyokuwa sentimita chache kutoka kwenye viwiko vyake. Nyuma yake alisikia kafi likiingia majini, mara moja, mara mbili. Ukingo ukasogea mbali. Walipita matete ya kwanza, wakatokea pale ambapo mto unafunguka, na hapo Agnella akasikia pumzi ya kaka yake ikianza kwenda mbio.

Kafi likasimama. Mtumbwi ukaanza kugeuzwa na maji.

"Siwezi," Amedeus alisema. "Turudi."

Agnella hakuuliza kwa nini. Kaka yake alipiga kafi upande mmoja, kwa nguvu na kwa kukosea, maji yakawarukia wote wawili, na mtumbwi ukageuka. Walirudi wakigonga matete. Walipofika nchi kavu Amedeus aliruka, akauvuta mtumbwi mpaka juu kabisa ya ukingo, akaketi kwenye tope na kichwa kati ya magoti. Mita hamsini, si zaidi. Angekuwa peke yake, na jani tumboni, na sauti ya dada yake ikimwambia nenda, dawa unayo, asingegeuka pale. Angesema moyo utatulia sasa hivi, na angeendelea mpaka katikati. Agnella alilijua hilo, na alipomtazama kaka yake aliona kwamba naye analijua.

Akaketi kando yake. Nguo zilikuwa zimelowa na jua lilikuwa bado halina nguvu.

"Hamsini," Amedeus alisema baadaye, bila kuinua kichwa.

"Hamsini, kaka."

"Miaka miwili nilikuwa kwenye sifuri." Alifuta uso kwa mkono wenye tope, akauchafua zaidi. Kisha akamgeukia dada yake na kumwuliza kitu ambacho katika miaka miwili yote hiyo, kila alipokuja Pasaka na Krismasi na kilo mbili za sukari, hakuwahi kumwuliza.

"Kesho upo?"

Kesho ilikuwa Jumapili; Jumatatu alitakiwa kituoni saa moja na nusu asubuhi, na barabara ile ilikuwa chini ya maji.

"Nipo," Agnella alisema.